Mshipa, Neva na Ganzi: Uhakiki wa Maneno ya Hisi ya Ngozi

Miongoni mwa maneno ya mwili katika Kiswahili, ni machache yaliyotwishwa mzigo mzito kama neno mshipa. Njia ya damu ni mshipa. Kano ifungayo nyama na mfupa huitwa pengine mshipa. Uzi upelekao habari za mguso kutoka katika ngozi hadi ubongoni ni mshipa. Na mtu mwenye ngiri naye husema kwamba ana mshipa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyakuta matumizi haya yamekwisha kuenea, ikaweka njia za damu na nyuzi za hisi chini ya neno moja. Hapana lawama katika jambo hilo, maana kazi ya kamusi ni kueleza lugha kama isemwavyo. Lawama huanza pale neno la mazungumzo linapochukuliwa kuwa neno la elimu bila ya kupimwa, na mwanafunzi akaachwa akidhani kwamba damu na hisi hupita katika mfereji mmoja.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno tunayotumia kueleza jinsi ngozi inavyopata hisi yake. Hatutayapima kwa sikio peke yake. Tutayapima kwa kazi yanayotakiwa kuifanya katika nchi moja iliyo dhahiri, yaani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambao ulifanywa mkoa mwaka 2012. Huko wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba, huvunja mwamba kwa nyundo na tindo, hubeba viroba vya mawe mgongoni, na huchuchumaa saa nyingi wakiosha mchanga. Kazi za namna hiyo huumiza neva, na mtu aliyeumia hufika zahanati akiwa na neno moja kinywani: ganzi. Tabibu wa zahanati alifundishwa kwa Kiingereza, naye humsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Ikiwa daraja baina ya lugha hizo ni bovu, anayeanguka ni mgonjwa.

Tuanze na jina la uzi wenyewe. Waandishi wengi wa vitabu vya afya, walipoona kwamba mshipa haumtoshelezi msomaji, waliongeza sifa wakasema mshipa wa fahamu. Jina hili limeenea sana, tena lina sauti nzuri. Lakini likichunguzwa lina ila mbili. Ya kwanza ni kwamba linamrudisha msomaji kwenye mshipa, naye mshipa anaoufahamu ni ule utoao damu ukikatwa. Ya pili ni kubwa zaidi. Fahamu ni mali ya mtu mzima, si mali ya ngozi yake. Aliyepigwa kichwani akazimia, twasema amepoteza fahamu. Aliyekaliwa vibaya na mguu wake, twasema mguu umekufa ganzi, na fahamu zake zote anazo. Lugha ya kawaida imekwisha kuyatenga mambo haya mawili, hata katika chumba cha upasuaji: dawa inayomlaza mtu asijue lolote huitwa nusukaputi, na dawa inayoua hisi ya mahali pamoja huitwa dawa ya ganzi. Basi elimu inapouita uzi wa ngozi mshipa wa fahamu, inakiunganisha kile ambacho watu wasio na elimu hiyo walikwisha kukitenga vema.

Kwa sababu hiyo twaona ni afadhali kulishika neno neva. Ni neno la kigeni, lakini limekubali tabia ya Kiswahili: ni fupi, laishia kwa vokali, na halina maana nyingine ya kumpoteza msomaji. Hata hivyo, aliyebadili mshipa kuwa neva asidhani kwamba amekwisha kazi. Amepata jina la uzi, hajapata jina la shamba linalonyweshwa na uzi huo. Na mgonjwa hana habari ya uzi. Yeye huonyesha shamba. Huweka kidole juu ya ngozi akasema, “Ni hapa mpaka hapa.” Jambo hili ndilo msamiati wetu uliloliacha tupu, na ndilo tunalotaka kulieleza.

Ndani ya uti wa mgongo, ambao ni mfupa, hupita kamba laini itokayo ubongoni. Kwa kuwa watu wengi huita vyote viwili uti wa mgongo, hapa tutaiita kamba hiyo ugwe wa mgongo. Katika ugwe huo hutoka jozi 31 za neva: jozi 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za chini ya kiuno, na 1 ya kifandugu. Kila neva ina shina la nyuma liletalo hisi, na shina la mbele lipelekalo amri kwa misuli. Kila shina la nyuma lina sehemu yake ya ngozi, isipokuwa lile la jozi ya kwanza ya shingo, ambalo kwa kawaida halina. Juu ya kifua na tumbo sehemu hizi zimepangwa kama mikanda iliyolazwa mmoja chini ya mwingine: neva ya 4 ya kifua hufika kwenye chuchu, na neva ya 10 hufika kwenye kitovu. Mikononi na miguuni mikanda hiyo imevutwa ikawa mirefu, kwa jinsi viungo vilivyochipuka mwilini mtoto alipokuwa tumboni. Lakini mpango ni ule ule.

Mpango huu haukujulikana kwa siku moja. Sherrington, huko Uingereza, katika miaka ya 1890 alikata mashina ya neva za nyani, akaacha moja katikati ya mengine yaliyokatwa, kisha akatafuta ngozi iliyobaki na hisi. Ndipo ilipodhihirika kwamba mikanda hupandana: shina moja likikatwa peke yake, majirani zake huifunika sehemu kubwa ya ngozi yake. Mwaka 1900 Head na Campbell walichora ramani ya mikanda hiyo kwa binadamu bila ya kumkata mtu, kwa kufuata malengelenge ya ugonjwa mmoja. Mwaka 1933 Foerster, Mjerumani, akaongeza aliyoyaona kwa wagonjwa aliowapasua mashina ya neva.

Ugonjwa walioufuata Head na Campbell una jina katika Kiswahili, nalo ni mkanda wa jeshi. Virusi vyake hujificha katika fundo la shina la nyuma, kando ya uti wa mgongo, pengine kwa miaka mingi. Vikiamka hufuata neva moja hadi ngozini, na kutoa malengelenge na maumivu ya kuunguza upande mmoja tu, kutoka mgongoni kuzunguka ubavu hadi mbele, yakakoma katikati ya mwili. Aliyeupa ugonjwa huo jina la mkanda hakusoma Sherrington wala Head. Aliona kwa macho yake kwamba ngozi ya binadamu imegawanyika mikanda, akalitaja jambo hilo kwa usahihi kuliko kitabu chochote cha afya tulicho nacho. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, jina hili limezidi kujulikana katika nchi zote zilizo kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa sababu mkanda wa jeshi kwa mtu kijana umekuwa dalili imfanyayo tabibu apime damu. Basi pana sababu gani ya kutafuta istilahi mbali? Sehemu ya ngozi inayohudumiwa na neva moja ya ugwe na iitwe mkanda wa neva. Muuguzi ataielewa mara moja, na mgonjwa vilevile.

Lakini mkanda ni ramani moja tu. Neva zinapokwenda mikononi na miguuni hazibaki peke yake kama zilivyotoka. Hukutana begani au nyongani, zikagawana nyuzi, zikasukwa upya, kisha zikatoka katika mafungu mengine yenye majina mengine. Atazamaye kamba ya katani huona jambo lililo karibu na hilo: nyuzi za mikono mitatu zimesokotwa, na ukikata kamba hapo hutajua uzi huu ulitoka mkono upi. Neva zinazotoka baada ya kusukwa huku ndizo ziitwazo neva za pembeni, na kila moja ina eneo lake la ngozi, lisilolingana na mkanda wowote. Hivyo ngozi moja ina ramani mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Iliyo karibu na mgongo hugawa kwa mikanda, na iliyo mbali hugawa kwa maeneo.

Mfano ulio bora wa ramani hizi mbili uko katika kidole cha pete. Neva ipitayo katikati ya kifundo cha mkono huhudumia upande wa kiganja wa kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Nusu ya pili ya kidole hicho, pamoja na kidole cha mwisho, huhudumiwa na neva ipitayo nyuma ya kiwiko, ile ishtukayo mtu anapojigonga. Basi kwa watu wengi, neva ya kiwiko ikiumia, ganzi hukigawa kidole cha pete kwa urefu, na tena haipandi juu ya kifundo cha mkono. Lakini ikiwa kilichoumia ni neva ya 8 ya shingo, ganzi hukichukua kidole bila ya kukigawa, na hupanda upande wa ndani wa mkono kuelekea kiwiko. Mtu aliyejua hili, akiwa na ncha ya pamba tu, aweza kutofautisha ajali ya kiwiko na ajali ya shingo. Yule aandikaye katika karatasi ya rufaa “ganzi mkononi” amekitupa kile alichokuwa nacho, na mwenziwe katika hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, hana budi kuanza upya.

Turudi sasa katika ukanda wa dhahabu, tuwatazame watu wawili. Hatuwataji majina kwa kuwa ni vielelezo tu. Wa kwanza ni mbeba viroba. Akiinama kuinua mzigo, kitanga cha baina ya pingili za kiuno chaweza kuchomoza kikabana neva ya 5 ya kiuno. Naye atapata maumivu yateremkayo kutoka kiunoni, na ganzi upande wa nje wa muundi hadi juu ya mguu na kidole gumba. Wa pili ni mwosha dhahabu, achuchumaaye saa nyingi kando ya dimbwi. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna neva ya pembeni izungukayo shingo ya mfupa ikiwa chini tu ya ngozi, na kuchuchumaa kwa muda mrefu huibana. Naye atapata ganzi upande wa nje wa muundi na juu ya mguu, na wayo wake utaburuta. Wote wawili watasema, “Mguu umekufa ganzi.” Ngozi iliyopoteza hisi inakaribia kuwa moja. Ila wa kwanza ameumia kiunoni, na wa pili ameumia gotini; wa kwanza huhitaji kuangaliwa mgongo, na wa pili kwa kawaida huhitaji kwanza kuacha kuchuchumaa. Istilahi isiyo na majina mawili kwa mambo haya mawili humfundisha tabibu kutibu kiuno kizima cha mtu aliyeumia goti.

Jambo hili huwa zito zaidi kwa ukoma. Bakteria zake, alizozigundua Hansen huko Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zilizo baridi, nazo hukaa katika neva zilizo karibu na ngozi. Kwa hiyo ukoma haufuati mkanda. Huua hisi katika baka la ngozi, au katika eneo la neva ya pembeni, hasa ile ya nyuma ya kiwiko, ambayo huvimba hata kidole cha mpimaji kikaweza kuihisi. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja, nayo huua bakteria. Lakini neva iliyokwisha kufa haifufuliwi na dawa hizo. Mwenye mkono usiohisi huungua jikoni asijue, hukatwa na tindo asijue, na kidonda chake humtangazia jirani kile ambacho baka lilikificha. Hapa tofauti ya kutambua mapema na kutambua kwa kuchelewa ni tofauti ya kuwa na vidole na kutokuwa navyo. Nao utambuzi wa mapema hutegemea swali moja liulizwalo kwa lugha inayoeleweka.

Swali hilo lina mtego ambao wataalamu wa lugha wapaswa kuufichua, kwa kuwa tabibu hawezi kuuona. Mpimaji humfumba mgonjwa macho, humgusa kwa pamba, na kumwuliza, “Unasikia?” Sasa, kusikia kwa Kiswahili ni kazi ya sikio na ni kazi ya ngozi pia: twasikia ngoma, twasikia baridi, twasikia maumivu. Lugha nyingi za Kibantu huviunganisha vitu hivi katika kitenzi kimoja. Mgonjwa aliyefumba macho asikiapo swali, hujibu kwa adabu, “Nasikia.” Naye hasemi uongo, swali amelisikia. Mpimaji huandika kwamba ngozi ni nzima. Wengine wamejaribu kuliepuka jambo hili kwa kusema “Unahisi?”, lakini kuhisi nako, katika vinywa vya wengi, ni kudhani au kushuku, na hisia zimekwisha kuwa mambo ya moyoni. Dawa ya mtego huu si neno jipya. Ni kubadili namna ya kuuliza: “Onyesha kwa kidole mahali nilipogusa.” Amri hii haina maana mbili, na jibu lake huonekana.

Neno ganzi lenyewe lahitaji uangalifu. Twalitumia kwa ngozi isiyojua kitu kabisa, na twalitumia kwa mguu unaochomachoma baada ya kukaliwa. Kumbe hali hizi ni mbili. Kwa kuwa mikanda hupandana, neva moja ya ugwe ikibanwa, mara nyingi ngozi haifi kabisa. Hupungukiwa hisi, huwaka, au huwa kama ina siafu watambaao. Neva ya pembeni ikikatwa, pana sehemu katikati ya eneo lake isiyohisi lolote. Yafaa basi ganzi iachiwe kazi ya kutokuwepo kwa hisi, na hali ile nyingine itajwe kwa maneno yake, ambayo Kiswahili kinayo kwa wingi: kuchomachoma, kuwaka, mnyeo, mchonyoto.

Baada ya mkanda na eneo, kuna umbo la tatu lisiloruhusu kusahauliwa. Neva zikidhurika zote kwa pamoja, kwa kisukari, kwa pombe, au kwa baadhi ya dawa, zile ndefu hutangulia kuumia. Ganzi huanza vidoleni mwa miguu yote miwili, ikapanda kama soksi, kisha ikaanza mikononi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi yaweza kuleta hali hii kwa mtu aliyepungukiwa vitamini B6, na kifua kikuu ni ugonjwa unaojulikana sana migodini kwa sababu ya vumbi la mwamba. Zebaki nayo lazima itajwe, maana wachimbaji huichanganya na mchanga kwa mikono na kuichoma wapate dhahabu. Mvuke wake hudhuru ubongo, na dalili yake iliyo maarufu ni mikono kutetemeka. Ganzi ya mikono, miguu na kandokando ya mdomo iliyowapata watu wa Minamata, Japani, ambayo ilitangazwa mwaka 1956, ilitokana na zebaki ya namna nyingine iliyoingia katika samaki. Ikiwa kila ganzi ya mchimbaji itahesabiwa kuwa ya zebaki, basi aliyebanwa neva kiwikoni hatatibiwa, na aliyelishwa sumu naye hataaminiwa. Kuuliza umbo la ganzi, kama ni mkanda, eneo au soksi, ndiyo njia ya kuwatendea haki wote wawili.

Yawezekana mtu akapinga akisema kwamba haya yote yamekwisha kuandikwa katika vitabu vya Kiingereza, na madaktari wanavisoma. Kwa nini tujisumbue? Jibu ni kwamba elimu ya ngozi huanza kwa yule mwenye ngozi. Daktari huuliza, lakini mipaka ya ganzi huijua mgonjwa peke yake, naye huitoa kwa lugha aliyo nayo. Mwingine aweza kusema kwamba mkanda ni neno la barabarani, lisilostahili kitabu. Huyo twamkumbusha kwamba hata Kiingereza huuita ugonjwa ule kwa neno la Kilatini cha zamani lenye maana ya mshipi. Hawakuona haya kulitumia.

Tuliyoyaomba si mengi. Wanaotunga kamusi za tiba wasiridhike kuandika neva mbele ya neno la Kiingereza wakapita. Waandike neva ya ugwe na mkanda wake. Waandike neva ya pembeni na eneo lake. Waeleze chini ya ganzi kwamba haina budi kuulizwa umbo na mipaka. Mshipa uachiwe damu katika vitabu vya shule, hata kama mitaani utaendelea kubeba mizigo yake ya zamani. Na katika mwongozo wa kupima ukoma, mahali palipoandikwa “Unasikia?” pafutwe. Mistari hii michache ikiingia katika kitabu cha zahanati moja ya Kahama au Geita, tabibu wa huko ataweza kuandika katika karatasi ya rufaa upande gani wa kidole cha pete umekufa ganzi, na ganzi hiyo imekomea wapi.